Ombi la Kurudishiwa Maumivu Yangu

Wodi ya Wanaume, Kitanda cha 6,
Dodoma.
14 Agosti, 1952

Bwana Daktari Mpasuaji,

Salaam kwa heshima zote. Mimi ni Yotham, karani wa baraza, yule uliyemtoa mfuko wa nyongo Jumatatu ukiwa na mawe kumi na moja. Kwa mawe sina neno, ahsante sana. Nalalamikia chupa uliyonitundikia baadaye, ile dawa ya ganzi inayodondoka mshipani.

1. Sikuulizwa. Nilijua ganzi ni ya kung'olea jino. Hii imezunguka mwili mzima: masikio yanavuma, ulimi mzito, na kidonda kimenyamaza kabisa.

2. Mke wangu Raheli yuko kwao Mvumi tangu Pasaka. Alipokuwa akijifungua mtoto wetu wa tatu, mimi, mtu ninayelazwa kitandani na mwiba, nilimwambia mbele ya mama yake apunguze kelele. Mama mkwe ameapa binti harudi mpaka nami niujue uchungu. Kwa hiyo, Bwana, siku uliyoniambia nitapasuliwa nilishangilia moyoni.

3. Jana shemeji Nikodemo alitumwa kuja kushuhudia. Alinikuta nacheka. Amerudi Mvumi na habari hiyo.

4. Kabla hajaondoka nilijaribu kupiga yowe. Mzee Hasanali wa kitanda cha tano, mwenye duka la vitambaa Majengo, akanisihi nisiimbe, kichwa kinamuuma.

5. Raheli mwenyewe anakuja leo saa kumi. Nampenda, na nyumba bila yeye imenishinda. Naomba chupa iondolewe saa tisa, niugulie kwa dhati. Ikishindikana, niandikie cheti chenye muhuri kwamba ningeumia sana. Hilo nalo likishindikana, nipasue upande wa kushoto, ambao kwa sasa hauna kazi.

Wasalimie masista wote, mpishi wa uji, na hata huyo aliyeivumbua dawa, ingawa kwake natoa salamu shingo upande.

Mimi mtiifu wako, mwenye nafuu kupita kiasi,
Yotham

Nyongeza: Chupa imeisha yenyewe saa nane. Tafadhali ichome barua hii ulete chupa nyingine, hata mbili. Raheli amefika mapema. Nimemwomba msamaha kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni, tena bila kujitahidi, kisha nikamwomba akimbie kukuita. Amekubali, ila kwanza amevuta kiti, akakaa karibu nami asikie vizuri.