Fomu Yangu Ikae Juu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepeleka fomu ya kudai pesa yangu. Mwezi uliopita msimamizi alinituma mjini kununua vipuri vya pampu. Alisema nitangulize pesa yangu, ofisi itarudisha. Pesa yenyewe ilikuwa nauli ya kwenda nyumbani. Likizo yangu inaanza Jumamosi ya wiki ijayo, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nisipopanda, likizo inasogezwa hadi mwezi wa nane. Msimamizi kasaini bila kusoma, akanituma kwa karani. Karani ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuinua macho, alinionyesha trei kwa kidole. Nikaweka. Bado muhuri wake, jicho la mhasibu na saini ya meneja. Watu watatu tu. Nimewahi kusukuma lori lililokwama nikiwa na watu wachache zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza uchunguzi. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho nilipewa kamili. Nilipita ofisini kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Fomu yangu imelaliwa na nyingine saba. Ya juu kabisa ni ya Shoti, fundi umeme, anadai pesa ya glavu. Siri ya ofisi hii nimeishika: karatasi inayoonekana ndiyo inayogongwa muhuri. Karani alipogeuka kufunga dirisha, nikachomoa yangu, nikaipandisha juu. Nimerudi kwenye pampu napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Mama watoto kapiga simu wakati wa chakula. Anauliza nakuja kweli au nakuja kama nilivyokuja mwaka jana. Nikamwambia atulie, fomu iko juu. Akauliza juu ya nini. Mguu wa kitanda chetu bado umesimama kwenye tofali nililoliweka siku naondoka, nikaahidi kurudi kuutengeneza. Anasema tofali limeshika zamu yangu na halijawahi kuomba ruhusa. Kisha akampa simu kitinda mimba wetu. Nilimwacha anatambaa, sasa anapanga maneno kama wakili. Akaniamkia, shikamoo mjomba. Mama yake akamwambia huyo ni baba. Mtoto akakataa. Baba ni lile shati lililotundikwa nyuma ya mlango.
Nilikula nusu sahani. Nilipopita ofisini fomu ilikuwa imelaliwa na tatu. Nikaipandisha.

Ijumaa, 7 Machi
Glavu za Shoti zimelipwa! Nimembana kwenye bomba la kunawia mikono aniambie kampa karani nini. Akasema, mzee, mimi naweka karatasi naenda zangu. Nikamwambia mtu haendi zake hivihivi katika dunia hii. Akacheka hadi sabuni ikamponyoka. Mtu akicheka namna hiyo ana jambo. Leo nimeipandisha fomu mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Nimewahi kazini, nikamkuta karani ndiyo kwanza anakaa. Kalishika bunda lote la kwenye trei, kaligeuza juu chini, kaanza kugonga muhuri. Aliyetangulia kuleta ndiye anayetangulia kugongewa. Anagonga kumi, anafunga wino, basi mpaka kesho. Kumbe wiki nzima nimekuwa nikipanda kwenda mkiani!
Lakini kosa nikilijua nalirekebisha. Alipokwenda kunawa wino, nikaizamisha fomu chini kabisa. Kesho ni ya kwanza.

Jumanne, 11 Machi
Nimeitwa ofisini. Karani kaiweka fomu mezani, kanionyesha pembe yake. Madole ya grisi saba, yamepangana kama shanga. Akasema, baba, karatasi hii inapanda na kushuka kama joto la mgonjwa, nani anaigusa? Nikasema panya. Akasema panya wa ofisi hii wanakula biskuti, hawafungui pampu.
Akauliza haraka ya nini. Sikuwa na uongo mwingine tayari, nikamweleza habari ya shati. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Akasema nirudi kazini, nisiiguse tena, ataishughulikia mwenyewe. Nimetoka nimefarijika. Nimefunga begi. Limebaki sanduku la sabuni ninalompelekea mama watoto.

Alhamisi, 13 Machi
Fomu haimo kwenye trei! Nimepekua mara mbili karani akiwa kwa mhasibu. Nikaiona kwenye kiti, imefunikwa kifudifudi, mkoba wake juu yake. Pembe ya grisi inachungulia. Moyo ulishuka hadi kwenye buti. Kitu kikitolewa kwenye foleni kikawekwa kando, kimekataliwa. Nikasikia viatu vyake. Sikupata muda wa kuigeuza. Nimeichomeka katikati ya trei, mahali ambapo hakuna atakayeshuku.

Ijumaa, 14 Machi
Karani amenifuata hadi kwenye pampu. Muhuri alishagonga. Kwa mhasibu alishaipeleka mwenyewe. Aliiweka chini ya mkoba ili asiisahau kumpelekea meneja kabla hajasafiri jana saa tisa. Saa tisa kasoro robo aliinua mkoba, kiti kitupu. Kaipata leo asubuhi, ina dole la nane. Meneja anarudi Jumatano.
Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.

Jumamosi, 15 Machi
Basi limeondoka. Nilikwenda kulitazama, sijui kwa nini. Kiti cha dirishani upande wa kushoto kilikuwa wazi. Nimempigia mama watoto. Akasema shati amelifua juzi ili nilikute safi, na mtoto alilia akitaka lirudishwe mlangoni likiwa bado majimaji.
Msimamizi kanihurumia. Nikilipwa Jumatano, nitapewa siku zilizobaki. Karani anasema fomu iko kwenye trei ya meneja, inasubiri saini tu, nisiisogelee hata kwa kivuli.
Nami nimetulia kabisa. Nimepita tu nyuma ya ofisi ya meneja, nikachungulia dirishani. Imelaliwa na nne. Komeo la dirisha ndilo limekaza kwa kutu.
Grisi ninayo.