Kitabu cha Dada Zelma

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya mfungo. Tumbo linanguruma tangu alfajiri. Afton, mke wangu, anasema sisi Wamormoni tunaandika shajara ili vitukuu wasome, kwa hiyo niandike mambo ya kujenga imani. Haya. Vitukuu wangu, rukeni kurasa hizi.

Leo kwenye mkutano wa ushuhuda, Dada Zelma Jorgensen alipanda mimbarini. Mjane, miaka themanini na tisa, ndiye aliyenifundisha nyimbo za watoto hapahapa mjini Manti. Akasema macho yake yamekwisha. Akasema ana Kitabu chetu kitakatifu cha zamani, kilichovuka tambarare kwa gari la ng'ombe, chenye mwaka 1830, na hajui amwachie nani. Akasema amina, akakaa.

Elfu moja mia nane na thelathini! Toleo la kwanza kabisa! Watu wanapunga karatasi za ratiba kama vile wametangaziwa habari za mvua! Mabenchi mawili tu ndiyo yaliyolia. Langu, na la Verl Tuttle.

Verl Tuttle ni fundi bomba mstaafu na mwizi wa furaha za watu. Mwaka ule wa mnada wa Provo aliniwahi toleo la 1840 kwa kuinua mkono huku mimi napiga chafya. Nilipata jingine baadaye, na sasa ninayo matoleo yote ya zamani isipokuwa hilo la kwanza. Rafu yangu ina pengo moja tu, upana wa vidole vitatu, mwanzo kabisa kushoto. Babu alikuwa na nakala ya 1830, akaibadilisha na ng'ombe wa maziwa miaka ya dhiki. Ng'ombe mwenyewe akafa. Baba naye alikufa akikiulizia kile kitabu. Nilimwahidi nitakirudisha nyumbani.

Mkutano kuisha, nikakimbilia kwa Askofu Madsen, siku za kazi ni daktari wa meno, kijana mwepesi wa machozi. Nikamwambia Roho Mtakatifu amenigusa nimtumikie mjane, anipange niwe mwalimu wake wa nyumbani, nimtembelee kila mwezi. Askofu akalengwalenga na machozi. Akanikumbatia. Akasema ni muujiza, maana kanuni ni kwenda wawiliwawili, na dakika nne zilizopita Ndugu Tuttle ameguswa vilevile.

Jumanne, 5 Agosti

Ziara ya kwanza. Tai shingoni sote wawili. Mimi nimebeba jeli ya kijani yenye karoti, Verl kabeba pai ya pichi. Shindano lisilo la haki! Jeli ilikuwa imeanza kuyeyuka garini.

Dada Zelma alikileta Kitabu ndani ya foronya. Jamani. Ngozi ya kahawia, pembe moja imetafunwa na panya, mgongo mzima. Nikasahau kupumua. Verl akasahau kufunga mdomo.

Akatoa sharti. Anayetaka kukigusa, amsomee. Sura moja kila ziara, kuanzia mwanzo, bila kuruka. Nikasema sawa upesi ili Verl asiniwahi kusema sawa.

Kumbe! Toleo la kwanza halina aya zenye namba, na sura zake ni ndefu kama treni. Sura ya kwanza peke yake imemeza tano za leo! Najua hayo tangu ujana, nimeyaandika kwenye madaftari yangu yote ya tathmini. Ila sikuwahi kufikiri kuna mtu wa kuisoma. Saa moja na robo. Koo limekauka. Jeli imekwisha kuwa supu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tunakwenda kila siku sasa. Nikiacha siku moja, Verl ataitumia.

Hila ya leo: kufika mapema, peke yangu, na koleo, nizibue mfereji wake wa maji. Atanionea huruma, atalainika. Nikafika saa mbili asubuhi. Nikasikia nyundo. Nikainua macho. Verl yuko juu ya paa, misumari mdomoni, anabadilisha vigae!

Nikazibua mfereji wote kwa hasira. Hata wa jirani pia, sikujua mwisho uko wapi.

Dada Zelma alikaa barazani na jagi la maji ya limau. Akasema, "Wanangu, mnanipenda hivi? Basi na lile lango linapiga kelele." Tukalikimbilia wote wawili. Sasa halina bawaba.

Jumatano, 13 Agosti

Wasiokusanya hawajui: kuna nakala za 1830 ambazo ukurasa wa 212 umepigwa chapa namba isiyo yake. Sisi wa kazi hii tunautafuta huo kwanza. Nataka kuuona kabla ya Verl. Kwa mwendo wetu halali, tutaufikia mwisho wa mwezi. Mimi mwisho wa mwezi siuwezi.

Verl akaenda jikoni kunywa maji. Ni zamu yangu kusoma. Nikawa nasoma kwa mdomo, huku kidole kinaruka mbele polepole.

"Durrell Poulson," Dada Zelma akasema, macho kafumba. "Zimegeuka karatasi tatu hizo. Rudi."

Verl aliangua kicheko huko huko jikoni mpaka akapaliwa. Vizuri.

Akaja akapokea zamu. Ilikuwa pale baba mzee anawaaga wanawe, anahisi ardhi inamwita. Verl akasoma mistari sita, sauti ikamkatika. Akakohoa. Akajaribu tena. Ikamkatika tena. Nikakumbuka kwamba baba yake Verl alifariki yeye akiwa mbali, kazini Nevada, na hakuwahi mazishi. Nikachukua Kitabu mikononi mwake, nikaendelea mimi.

Sababu za kibiashara tu. Machozi yana chumvi, yanaharibu karatasi.

Alhamisi, 21 Agosti

Hila mpya. Nilimnong'oneza Dada Zelma, kwa uchungu mwingi, kwamba nimesikia Verl ana mpango wa kukiuza Kitabu kwa wafanyabiashara wa Salt Lake.

Akasema, "Ajabu! Asubuhi Verl kaniambia hivyohivyo habari zako." Akacheka mpaka meno ya bandia yakamteleza. Sikujua nitazame wapi.

Kisha akanifungulia jalada, mwenyewe, bila Verl kuwapo. Hatimaye! Kwenye jani tupu la mwanzo wanawake wanne wameandika majina yao kwa wino, kila mmoja pamoja na mwaka alioolewa katika ukoo. La mwisho ni lake: Zelma, 1946. Yeye na marehemu mumewe Rulon hawakujaliwa mtoto. Akapapasa nafasi iliyo chini ya jina lake, akasema, "Hapa ndipo panapokatika."

Wazo langu la kwanza: wamiliki wote, kwa mfuatano, kwa mkono wao! Bei inapanda maradufu!

Wazo la pili lilinijia barabarani, nikasimamisha pikapu kando ya shamba la majani ya ng'ombe. Nilikaa pale muda. Afton ameniuliza mbona macho mekundu. Nimemwambia vumbi.

Jumamosi, 30 Agosti

Pichi zimeiva. Tumeshinda jikoni kwa Dada Zelma tukizitia chupani: Afton anamenya, Verl anachemsha, mimi nafuta vifuniko maana nimevunja chupa mbili. Dada Zelma kakaa kwenye kiti, blanketi magotini, katika joto hili. Daktari kasema moyo umechoka.

Mchana zamu ya Verl. Tukafika ukurasa wa 211. Nikajongeza kiti. Na hapohapo Dada Zelma akasinzia.

Tukatazamana. Ni karatasi moja tu ya kugeuza! Upande wa pili, sentimita mbili za wino, na mimi nimeusubiri miaka thelathini. Verl akaweka kidole kwenye pembe. Nikaitikia kwa kichwa. Hakugeuza. Nikamkazia macho, nikamwita mwoga kwa midomo. Akanisukumia Kitabu. Nami sikugeuza.

Tumeketi hivyo dakika arobaini, watu wazima wawili, tunamsikiliza akikoroma. Alipoamka akauliza tumefika wapi. Tukamwambia palepale.

Sijui naumwa nini. Nitapima joto.

(Namba ni sahihi. Haina kosa lolote. Verl alisikitika kuliko mimi, nikamnunulia aiskrimu.)

Jumapili, 7 Septemba

Mfungo tena. Dada Zelma akaomba kwenda mimbarini. Tulimshika huku na huku, mimi kulia, Verl kushoto. Alikuwa mwepesi mno.

Akasema, "Kina ndugu na dada, miaka mitatu walimu wangu wa nyumbani walikuwa wananipigia simu tu tarehe thelathini kuuliza kama ningali hai. Nikajiambia, Zelma wee, kwa Zelma hawaji. Kwa kitabu watakuja. Nikautaja mwaka, nikatega sikio. Mabenchi mawili yakalia."

Kanisa zima likaangua kicheko. Afton alicheka kuliko wote. Askofu alicheka huku analia. Ardhi ya Manti ikakataa kupasuka na kunimeza.

Akangoja wanyamaze. "Walifuata kitabu, najua. Lakini paa langu halivuji. Na tangu Agosti sijala chakula cha jioni peke yangu hata siku moja." Akafungua Kitabu, akakiinua juu, kila mtu aone.

Chini ya jina lake ameandika mwenyewe, ingawa haoni. Kwa kalamu ya biki! Ya bluu! Herufi kubwa kama mayai, zimepinduka juu chini: DURRELL NA VERL, WANANGU.

Verl alitoa mlio mdogo. Nami niliusikia moyoni. Nusu ya thamani yake imekwenda, pale pale, mbele ya macho ya wataalamu wawili! Biki haifutiki. Nikataka kukokotoa hasara nikashindwa, maana nilikuwa sioni tena namba, sioni mimbari, sioni kitu. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuniandika mwanawe mahali popote tangu hapo.

Akamalizia, "Mtakichukua siku tutakapofika mwisho. Siku hiyo na mimi nitakwenda zangu kwa Rulon. Nimemngojesha sana." Watu wakacheka tena.

Mimi na Verl hatukucheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Verl kaja gereji kwangu, kofia mkononi. Hajawahi kuja. Akatazama rafu, akatazama pengo, hakutoa kejeli hata moja.

Akasema kurasa ni mia tano themanini na nane. Tumesoma mia mbili sitini na kitu. Kwa mwendo huu tunamaliza kabla ya theluji. Nikasema nami nimehesabu.

Nikamwuliza kama anakitaka. Akasema anakitaka tangu ana miaka ishirini. Akaniuliza kama ninakitaka. Nikasema nilimwahidi baba. Akasema basi. Nikasema basi. Akauliza kesho aje na koo zima, au asingizie mafua ili tusisome? Nikamwambia, keti, Verl, nina hila.

Jumanne, 9 Septemba

Imefaulu! Hila bora kuliko zote za maisha yangu!

Tumemsomea Dada Zelma sura ileile ya jana. Neno kwa neno, kuanzia mwanzo, uso mkavu. Hakugundua chochote! Aliuliza tu kama wale wahubiri wawili waliotiwa gerezani jana ndio hao wametiwa tena leo. Verl akamjibu upesi kwamba zamani zile wahubiri walikuwa wakifungwa mara kwa mara. Akasema, "Maskini wa Mungu." Kisha akatafuta mkono wangu, akatafuta na wa Verl, akaishika yote miwili mapajani mwake. Akasema tuwarudie kesho basi, huenda wakatolewa.

Hajui lolote! Mwanamke aliyenikamata kwa karatasi tatu, leo nimempiga chenga mchana kweupe! Nimemwambia Verl, kwa akili yangu hii, kitabu hiki hakitakwisha kamwe.