Chumba cha Asiyeaminika

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Kompyuta ya nyumbani sasa ni ngome. Nimefuta ule mfumo wa kawaida unaotumiwa na kila mtu, nikaweka mfumo mpya wa usalama. Huu unaigawa kompyuta vyumba vyumba. Benki chumba chake, barua chumba chake, picha za ukoo chumba chake. Mwizi akiingia kimoja, anabaki humo humo akitazama kuta. Kila dirisha linalofunguka kwenye skrini lina fremu ya rangi, na juu ya fremu jina la chumba lilikotoka. Kijani ni salama. Nyekundu, kaa chonjo.

Mke wangu alisimama mlangoni, pini mdomoni, akauliza programu yake ya kudarizi iko chumba gani. Nikasema nitaitafutia chumba. Akanikumbusha kwamba Jumamosi anapeleka kofia za walinzi, na kampuni yao ikizipenda, sare zao zote za mwaka zitashonwa kwetu. Kazi hii anaililia tangu anunue mashine. Nikamwambia aondoe shaka. Akasema labda shemeji asaidie.

Shemeji! Mdogo wake ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta yake anaichomekea kila flashi inayopita barabarani, na haijawahi kuugua hata siku moja. Inaniudhi sana.

Miwani nimeisahau dukani. Tena. Na duka lenyewe ni la miwani, na fundi ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Programu ya kudarizi haiutambui mfumo wangu. Inataka ule wa kila mtu, basi. Sikubabaika. Nimeukaribisha ule wa kila mtu ndani ya chumba kimoja, kama mgeni. Kompyuta ndani ya kompyuta! Fremu nyekundu. Jina la chumba nimeliandika kwa herufi kubwa, pasiwe na utata: ASIYEAMINIKA. Mlango wa intaneti nimeufunga.

Mgeni amekula kumbukumbu yote ya kompyuta. Feni inavuma hadi pazia linacheza. Mke wangu akauliza ni mgeni gani huyu anayekula kuliko wenyeji. Nikacheka, kisha nikafunga vyumba vingine ili apate nafasi. Benki kwa sasa haina makazi.

Jumatano, 5 Machi

Programu inadai leseni. Leseni inathibitishwa kwa intaneti. Na mimi nilikuwa nimeapa mgeni hatagusa intaneti! Nikamfungulia mlango kidogo tu, athibitishe, nifunge. Akaanza kujipakulia mambo mapya. Hakuomba ruhusa. Akaniandikia nisizime kompyuta. Kumbe anaamuru! Nimekaa naye kutwa kama muuguzi.

Shemeji alipita kuchukua pasi yake. Akatazama skrini, akauliza kwa upole kama huo si mfumo ule ule tuliokuwa nao wiki iliyopita, ila sasa una fremu. Nikamjibu kwamba hajui anachosema. Anajua vizuri sana, na ndiyo maana sikumkaribisha chai.

Mke wangu alimkaribisha. Akamwongeza na kikombe cha pili.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imefunguka! Mke wangu amechora nembo yote asubuhi: jicho lililo wazi, chini yake ufunguo, jina la kampuni limezunguka. Nzuri mno. Nilimbusu utosini, akasema nisimvurugie mstari. Ikabaki kazi ndogo tu, kuihamishia nembo kwenye flashi, na flashi iende kwenye mashine ya kudarizi.

Flashi haionekani. Kwenye mfumo wangu flashi zinawekwa karantini, chumba cha peke yake, na mgeni haruhusiwi kuzungumza nacho. Nikajaribu kuwapatanisha. Nikabonyeza sipo, kipanya kikafa. Nikapata pa kukifufulia, lakini pa kukifufulia panabonyezwa kwa kipanya.

Mke wangu akasema, bila kelele, kwamba kesho yuko mjini kutwa kununua bitana, na akirudi akakuta mambo ni yale yale, anakwenda kwa mdogo wake. Hakukasirika. Hapo ndipo iliponiuma. Nampenda sana mwanamke huyu. Nimemnyang'anya kompyuta ili nimlinde, sasa anaomba kutumia flashi kama anayeomba viza.

Ijumaa, 7 Machi

Akili! Nimezima, nimewasha, kipanya kimefufuka na wazo limekuja nalo. Kwa nini nihamishe faili? Nimepiga picha ya dirisha zima kama lilivyo kwenye skrini. Picha ikabaki upande wangu, upande wa kuaminika, nikaipeleka kwenye flashi bila mgeni kunusa. Na mashine ya mke wangu inajua kugeuza picha kuwa mishono, niliwahi kusoma kwenye kijitabu chake. Nikaiwasha. Ikashona! Kofia baada ya kofia, mimi nikibadilisha nyuzi kama niliyezaliwa cherehanini.

Nembo imezungukwa na mstari mwekundu. Sikumbuki mke wangu aliuchora saa ngapi, lakini unapendeza. Juu kuna herufi nyeupe, kaulimbiu ya kampuni nadhani. Sikuweza kuisoma, miwani iko dukani.

Mke wangu karudi hoi, akakuta kofia zote zimeshafungwa kwenye maboksi, na utepe juu. Alinikumbatia. Akaomba radhi kwa kunitilia shaka. Nikamsamehe kwa roho safi.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi wa walinzi alikuwa amewapanga vijana wake uani. Wakavaa. Akamsogelea wa kwanza, akamsoma kofia kwa sauti: Asiyeaminika. Akaenda kwa wa pili. Asiyeaminika. Mlinzi wa mwisho, mtu mzima mwenye mvi, akauliza ni nani amewachongea.

Mimi, ambaye naishi kwa kuwauliza watu wanaona herufi gani, sikuwa nimeona hata moja.

Mke wangu alinywea. Akamwomba msimamizi ampe mpaka Jumatatu, nami nilitamani ardhi inimeze pamoja na maboksi. Msimamizi akakubali, ila kofia moja akaizuia. Ana mlinzi anayelala zamu, alisema, itamfaa.

Njiani alitangulia. Nilimfuata nyuma na mzigo. Kwenye kona ya duka la rangi akasimama, akashika ukuta, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza. Nikaweka maboksi chini nimbembeleze. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akakaa juu ya boksi, akatamka jina la chumba changu, akaanza upya.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na kompyuta yake. Mke wangu akachora nembo upya humo, flashi ikaingia, flashi ikatoka. Basi! Nilitafuta kasoro, nikakosa. Tumeshinda sebuleni watatu tukifumua mishono, nyuzi nyekundu hadi ndani ya chai. Shemeji hakunicheka. Alinionyesha namna ya kushika wembe nisijikate, na leo kaniita kaka. Nilijifanya uzi umeniingia jichoni.

Kofia zilipoisha, mke wangu alikaa akachora pia nembo za mashati, za makoti, za mabegani, akawaonyeshe kesho. Zote zimo kwenye kompyuta ya shemeji. Wema huu lazima niulipe.

Jumatatu, 10 Machi

Wamezipokea! Mke wangu kapiga simu, nasikia vigelegele kabla ya salamu. Sare zote za mwaka ni zetu. Michoro wameipenda yote, wanataka waanze nayo wiki hii hii. Yuko njiani na shemeji.

Nimefunga duka mapema. Nimejifunza mengi wiki hii. Kosa lilikuwa jina la chumba. Ningekiita MWAMINIFU, kusingekuwa na neno. Lingine ni kwamba shemeji, mtu mwema kiasi kile, anaishi bila ulinzi wowote. Kompyuta yake ameiacha hapa mezani, wazi, haina hata chumba kimoja. Nimeamua kumshangaza. Mfumo wangu unaingia humo sasa hivi. Wakirudi watakuta ngome.

Umesimama kidogo, umeleta swali refu lenye maandishi mekundu, kufuta au kufuata, sioni vizuri. Miwani iko dukani. Nimebonyeza Ndiyo.