Mafuta ya Kula Mafuta

Asilimia aliuona mtaji wake akiwa bafuni, hana hata taulo. Siku hiyo alikuwa amenunua mizani ya kioo kwa muuza mitumba, ile yenye vibati viwili vya kuwekea nyayo, inayojigamba kwamba haitakutajia kilo zako tu, bali na kiasi gani cha mwili wako ni mafuta. Kabla ya kuoga ilimwambia asilimia thelathini na tatu. Akaoga, akapanda tena nyayo zikichuruzika, ikamwambia asilimia ishirini na sita.

Mtu mwaminifu angesema mizani ni mbovu. Mtu wa kawaida angefurahi, akaenda kunywa chai. Yeye, ambaye wakati huo bado aliitwa kwa jina alilopewa na mama yake, kabla mitaa haijambatiza Asilimia, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akawaza kwa uzito ambao wenzake huuwekea ndoa. Akajikausha nyayo, akazipaka poda, akapanda: thelathini na sita. Akazilowesha: ishirini na sita. Akanywa jagi zima la maji, akapanda. Akala mkate, akapanda. Kufikia adhuhuri alikuwa amenenepa na kukonda mara tisa bila kutoka bafuni.

Karatasi ya maelekezo ilikiri yote hayo yenyewe, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mizani hupitisha kijiumeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ikakuuliza umri na urefu, halafu mengine ikajijazia. Kwa ufupi, ilikuwa haipimi mafuta. Ilikuwa inakisia, kama mshenga anavyokisia tabia ya bwana harusi. Nyayo zikiwa kavu umeme hupita kwa tabu, na mtambo hudhani umekutana na mafuta. Zikilowa unapita kirahisi, na mtambo hudhani umekutana na mwanariadha.

Wiki iliyofuata akaingia mitaani na koti jeupe. Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake, na mtu asidhani utapeli ni uvivu. Kwanza mteja alivua mkanda, saa na funguo, maana chuma, kwa maelezo ya Asilimia, "huchanganya mitambo." Kisha alifutwa nyayo kwa taulo na kupakwa poda, kwa ajili ya usafi. Kisha alipanda. Kisha Asilimia aliisoma tarakimu mara mbili.

"Siyo mbaya sana," Asilimia angesema, kwa sauti ya mtu aliyeleta taarifa ya msiba.

Hapo ndipo ilipotoka chupa. Iliitwa Mafuta ya Kula Mafuta, na ndani yake hamkuwa na tone la mafuta. Mlikuwa na maji, chumvi, rangi ya kijani na manukato kidogo. Mteja alipakwa kwenye nyayo, akasubiri dakika tatu, akapanda tena, na tarakimu ikaporomoka mbele ya macho yake na ya jirani zake. Wapo waliouliza mafuta ya tumboni yanatokaje kwa kupaka miguuni. "Mama," Asilimia alimjibu mmoja wao, "ukitaka kumwaga maji ya tangi, unafungua bomba la juu au la chini?" Jibu hilo halina uhusiano wowote na mwili wa binadamu, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kulipinga. Hata anayekusimulia haya alinunua chupa mbili, na tusiulizane.

Tatizo lilikuwa moja. Kila nyumba alimopungua mtu, mtaalamu alikaribishwa chakula cha shukrani, naye hakuwa mtu wa kukataa. Mganga hajigangi. Baada ya miezi minne, alipoinama kusoma tarakimu, tumbo lilifika kabla ya macho, ikabidi awaombe wateja wamsomee. Kifungo cha koti jeupe kikamruka mbele ya mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alikiokota chini ya kabati, akakitazama, akamtazama, akaahirisha kununua.

Ni katika hali hiyo aliposikia, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, bwana mmoja wa kiti cha pili akilalamika. Alikuwa meneja wa kiwanda cha sabuni.

"Watu wangu wamenenepa," Meneja alikuwa akimwambia kinyozi. "Mia mbili wote. Nahitaji mtu wa kuwapima mmoja mmoja kabla mwezi haujaisha."

Asilimia aliinuka povu likiwa upande mmoja wa uso. "Bosi, umeshampata."

"Wewe unapima?"

"Ndiyo kazi inayonilisha."

"Una vifaa?"

"Vya kisasa, Bosi."

"Haya, njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne, ukumbi wa kulia chakula. Na uje nadhifu. Watu wangu wanapenda utani."

Watu mia mbili kwa mpigo! Asilimia alitoka pale akiwa amesahau kwamba amenyolewa nusu, ikabidi arudi. Lakini furaha haikufika hata kona. Angesimamaje mbele ya watu mia mbili kuwauzia dawa ya tumbo, akitanguliwa na tumbo? Alikuwa na wiki tatu. Alihitaji suti mpya, na alihitaji kuienea.

Fundi cherehani aliyesifiwa zaidi mjini alikuwa mama mmoja wa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Asilimia alifika juu akihema, akashika fremu ya mlango. Fundi alimtazama kuanzia viatu hadi kola, akavuta futi iliyoning'inia shingoni, akamzungushia kiunoni.

"Arobaini na mbili."

"Umehesabu na mkanda?"

"Nimehesabu na tumbo. Vuta pumzi uachie, usinibanie. Futi sio polisi."

Mtu anayepimwa nguo huwa na ulimi mwepesi, sijui kwa nini. Kabla fundi hajafika mabegani, Asilimia alikwishamsimulia yote: kiwanda, meneja, watu mia mbili. Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja.

"Alisema hivyohivyo? Kuwapima?"

"Kuwapima, mmoja mmoja. Kwamba wamenenepa."

"Cha sabuni?"

"Chenyewe."

"Nina ndugu pale," alisema fundi.

"Mwambie asogee siku hiyo, nitampunguzia bei."

Fundi hakucheka. Alirudisha pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi sana.

Baada ya wiki Asilimia alirudi kujaribu suruali. Haikufunga. Alivuta pumzi, akasimama kwa vidole vya miguu, akaomba na mlango ufungwe. Kifungo na tundu vilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombana.

"Kaka," alisema fundi kwa huruma, "mbona umeongezeka?"

Usiku huo, akiwa nyumbani, Asilimia alipanda mizani yake. Thelathini na moja. Akapanda tena: thelathini na tano. Akajikuta anafuta nyayo, anakunywa maji, anavua saa, anaiomba ile mashine imwambie ukweli, mashine ambayo yeye mwenyewe aliifundisha kusema uongo. Mji mzima ulikuwa na tarakimu ya kuamini isipokuwa yeye. Akalala akiwa ameamini kitu kimoja tu, kwamba suruali haina betri.

Asubuhi alikuwa kwa fundi tena. "Nisaidie. Wewe umeona viuno vingi."

"Dawa ipo," fundi alisema, "lakini haipakwi. Chini ya ngazi kuna majora ya kitambaa. Kila asubuhi unapandisha mawili hadi huku juu, kabla ya chai. Malipo sitaki."

Alipandisha. Siku ya kwanza alikaa kwenye ghorofa ya kwanza akalitafakari jora kana kwamba ni adui wa ukoo. Siku ya tano alifika juu bila kukaa. Majora yote yalikuwa ya buluu, mazito, wala hayakuonekana kuisha.

"Kitambaa chote hiki cha nini, Fundi?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kupima na kushona. Shuka kachukue la pili."

Na suruali, jamani! Jumamosi ile ikafunga kwa shida. Jumatano ikafunga kwa raha. Alhamisi ya mwisho ilimning'inia, ikabidi fundi amtobolee mkanda tundu jipya. Asilimia alijitazama kwenye kioo kirefu cha fundi kwa upande, akageuka, akajitazama kwa upande wa pili. Machozi yalimlengalenga. Mizani alikuwa ameacha hata kuipanda.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano aliingia ukumbi wa kulia wa kiwanda cha sabuni, suti imenyooka, mizani kwapani, chupa mia mbili kwenye mkokoteni nje. Wafanyakazi walikwishajipanga mstari. Mbele ya mstari, futi shingoni na daftari mezani, alisimama fundi.

"Umekuja kunitazama!" Asilimia alifurahi.

"Nimekuja kupima," alisema fundi.

Meneja alitokea nyuma yao. "Na huyu nani?"

"Mpimaji, Bosi. Tulikutana kwa kinyozi."

"Aa, wewe! Mama huyu alikuja ofisini wiki tatu zilizopita na sampuli ya kitambaa, nikadhani umemtuma wewe. Bwana, nguo za kazi za hawa watu hazifungi vifungo tangu mwaka jana. Yeye anawapima na kushona, yote." Akaitazama mizani. "Hicho cha nini?"

Kwa nukta moja Asilimia aliona kila kitu kikipita mbele yake kikiwa kimevaa buluu: majora yote aliyoyapandisha kwa mgongo wake, kwa hiari yake, kabla ya chai. Neno lilikuwa lilelile, kupima, na yeye alilisikia kwa tumbo lake. Lakini tapeli hafi kwa risasi moja.

"Bosi, inchi ni nguo tu," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi. "Ndani ya nguo kuna mtu, na ndani ya mtu kuna mafuta!"

"Mafuta sisi tunayachemsha kila siku," akadakia mmoja kwenye mstari, na ukumbi ukacheka.

"Nitaanza na mimi mwenyewe! Mnitazame nilivyo. Nitavua saa, nitavua funguo, nitavua mkanda, maana chuma huchanganya..."

Mkanda ulipotoka, suruali nayo ikatoka. Aliiwahi magotini. Watu mia mbili walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika hadi kwa kinyozi. Asilimia alipokuwa ameinama kuivuta, upindo wa kiuno ulimgeukia nje, akaona alichokuwa hajawahi kukiangalia: mistari minne ya matundu ya sindano, mmoja kando ya mwingine, palipowahi kushonwa na kufumuliwa.

"Ulinipunguzia suruali," alisema polepole.

"Mara moja," alisema fundi. "Halafu nikaiachia mara tatu. Wewe unalowesha nyayo, mimi nafumua mshono."

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha msichana mwembamba alipotoka kwenye mstari. Asilimia alimtambua. Alimpima miezi miwili nyuma, pamoja na wenzake wa idara ya kufunga sabuni, na alimuuzia chupa nne.

"Huyu ndiye ndugu yangu," alisema fundi. "Mdogo wangu, tumbo moja."

"Uliniambia thelathini na nne," alisema msichana. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikapaka, nikaacha na chakula cha mchana mwezi mzima. Nikaanguka pale kwenye meza ya kufungia mbele ya watu. Naomba kitu kimoja tu. Siku ile nilikuwa ngapi, kweli?"

Asilimia alikuwa na majibu kumi, yote mazuri. Lakini yote yalihitaji mikono, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika suruali.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sikujua siku ile, na mizani nayo haikujua. Nyayo zako zilikuwa kavu, basi."

"Na nilipopaka?"

"Zilikuwa zimelowa." Aibu ilimpanda hadi masikioni, aibu halisi, ambayo hakuwa ameizoea. "Nisamehe, dada. Kula chakula chako."

"Nimesikia," alisema msichana. Hakusema amesamehe. Alirudi kwenye mstari mahali pake.

Meneja alionyesha mlango kwa kidole. Asilimia aliokota mkanda, akaiacha mizani pale sakafuni, akapiga hatua mbili, akasimama. Kulikuwa na jambo linalomkereketa, na nasema kwa masikitiko kwamba halikuwa toba.

"Fundi," alinong'ona. "Kwa hiyo sikunenepa."

"Hukunenepa."

"Na sikukonda."

 Fundi akavuta futi shingoni, akamzungushia kiunoni palepale mbele ya mstari wote, akasoma, akasoma tena.

"Arobaini na moja."

"Unanitania."

"Nikutanie nina nini na wewe? Ngazi zimekula inchi moja."

Uso wa Asilimia uling'aa kama wa bwana harusi. Alisahau kiwanda, alisahau mkokoteni nje, alisahau kwamba ametapeliwa wiki tatu nzima na ndiyo kwanza ameumbuliwa mbele ya watu mia mbili. "Mmesikia?" aliwaambia. "Nimepungua! Kwa futi!"

"Za mwizi ni arobaini, kaka," alisema fundi, akiandika jina la mtu wa kwanza kwenye daftari. "Umebakiza inchi moja, na kule chini ya ngazi kuna majora sita."