Jambia la Baba na Jiwe la Bizari

Jumapili, 4 Oktoba 1970

Serikali mpya inafungua skuli hapa Maskati. Inatafuta mwalimu mkuu! Nani tena kama si mimi? Unguja nilikuwa mwalimu mkuu mpaka tulipotimuliwa mwaka sitini na nne. Tangu hapo nauza vitambaa dukani kwa binamu yangu, ambaye hata salamu ananitupia tu.

Jioni mwanangu Thabit akasema naye ataiomba. Kazi ileile! Mtoto niliyemfundisha alifu na be mimi mwenyewe.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimefukua kitabu changu cha hadithi za Wayunani wa kale. Miungu ya kubuni, astaghfirullah, lakini wana mafunzo. Baba yao Mbingu aliwabana watoto wasitoke. Mama yao Ardhi akampa mwanawe Kronos mundu, akampindua mzee. Kronos naye akawaogopa wanawe, akawa anawameza wakizaliwa tu. Kwa yule wa mwisho, mkewe akamviringishia jiwe katika nguo za kichanga. Akalimeza! Pumbavu. Mtu unapewa furushi na mkeo, hufungui kutazama? Mtoto akakua, akamng'oa kitini.

Somo nimelipata: mnyime mtoto mundu. Mundu wetu ni jambia la marehemu baba. Hapa huendi mbele ya mkubwa kiuno kitupu, na sisi tuna hilo moja tu. Mimi nililichukua kwa baba akiwa bado hai, lakini ile ilikuwa haki yangu.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemwamuru mke wangu, Mahbuba, anifungie jambia nilifiche. Kaleta furushi la kanga, mafundo matatu. Nikalipima kwa mkono: zito. Nikalitia kashani, ufunguo shingoni. Sasa Thabit atajifunga nini, mwiko?

Mchuzi wa leo mbaya, bizari nzimanzima. Mahbuba akasema jiwe la kusagia limepumzika. Jiwe nalo linachoka!

Alkhamisi, 8 Oktoba

Siku ya kuonana na mkubwa wa elimu. Nikavaa kanzu mpya, nikafungua kasha, nikafungua kanga. Jiwe la bizari! Thabit alikwisha kutoka tangu alfajiri, jambia kiunoni. Nikamfokea Mahbuba. Akasema mzee apewe heshima, kazi apewe kijana, akaendelea kuchambua mchele.

Nikaenda hivyohivyo, kiuno kitupu. Mkubwa akasimama, akanishika mikono yote miwili, akanipongeza: baba wa mwalimu mkuu! Akasema Thabit amewaomba wanipe darasa la kwanza. Chini yake.

Inaniuma. Angekuwa mtu baki ningemeza uchungu. Nimekubali. Ningefanyaje? Nirudi kwenye vitambaa?

Jumamosi, 10 Oktoba

Thabit karudisha jambia kwa adabu zote, kanibusu mkono. Mnafiki mkubwa.

Wiki ijayo wanafungua skuli, na mwalimu mkuu atasimama mbele ya wakubwa wote. Atasimama kiuno kitupu! Watamwona mtoto, watanigeukia mimi. Kosa la Kronos nimeshalijua: hakuwa na kufuli la maana. Nimenunua jipya, la Kihindi, kubwa kama ngumi.

Mahbuba kanifungia jambia upya, kwa kanga ileile, mafundo matatu. Safari hii hata hakubisha. Nikalipima kwa mkono: zito. Nikalitia kashani.

Mchuzi wa leo mbaya tena, bizari nzimanzima. Mwanamke huyu anazeeka.