Klipu Niliyoiacha Wazi

Jumatatu, 9 Juni

Teodora amenifunga rili! Kwa mikono yake!

Niandike vizuri, nisije nikasahau uzeeni. Kazi yetu ni kuzamia chini ya vizimba vya kufugia samaki, sato, hapa karibu na Nyegezi na kushona nyavu zilizotoboka. Rili ni kigurudumu cha kamba ya kutuonyesha njia ya kurudi, maana huko chini ni giza na tope. Kabla ya kuruka kutoka kwenye boti, kila kitu kinafungwa kifuani kwa klipu: rili, tochi, kisu. Unashika miwani kwa mkono mmoja, rili kwa mkono wa pili, unapiga hatua ndefu, umeingia. Kisichofungwa kinapotea, au kinakung'oa meno.

Teodora ndiye mkaguzi wetu. Ukiwa umejifunga sawasawa anakuambia, "Haya, ingia." Sekunde tatu, kwisha. Leo, kwa mara ya kwanza, nilisahau klipu ya rili. Akanisogelea hadi nikasikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Akaifunga taratibu, akaipiga kofi dogo. "Nkwabi, wewe utaniua kwa presha." Mtu hafi kwa presha ya mtu asiyemjali!

Nimeshona tundu moja kwa nusu saa. Nilikuwa natabasamu, maji yakawa yananiingia mdomoni.

Jumanne, 10 Juni

Nimeacha wazi rili na tochi. Makusudi. Sekunde arobaini! Nimezihesabu.

Oluoch, mzamiaji mwenzangu kutoka Rorya, anajifunga kama mzigo wa juu ya basi. Anaambulia "haya, ingia" tu. Maskini. Mchana ameniuliza kama naumwa vidole. Wivu huo.

Jioni Mzee Chenge, nahodha wetu, akatangaza kwamba Jumamosi Teodora anahamia vizimba vya Ukerewe. Akatangaza huku anakula muhogo! Nimerudi nyumbani Buhongwa, nimekaa dirishani natazama malori ya Shinyanga. Ugali umepoa. Namtamani mpaka kifua kinauma, pale pale inapokaa klipu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku zimebaki mbili, mambo nusunusu basi. Nimeacha wazi vyote: rili, tochi, kisu, mpaka kipimo cha hewa. Nilisimama ukingoni nalia kilingi kilingi kama ng'ombe mwenye kengele. Nikafumba macho, nikasubiri.

Teodora akanitazama juu mpaka chini. Akashusha pumzi. Akamwita Oluoch anifunge.

Oluoch! Mwenye vidole vinavyonuka dagaa! Amenikaza hadi mbavu zimelia, akaninong'oneza kwamba mwanawe wa chekechea anajifunga viatu mwenyewe. Nilikuwa sina pumzi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwisha.

Hesabu ilikuwa hivi: nijifunge vizuri, Teodora anikague, kisha nifungue klipu ya rili kimyakimya. Ataiona, ataniita nirudi, atanifunga kwa mara ya mwisho. Ila baada ya kunikagua aligeuka kuandika, hakuniona nikiifungua. Mzee Chenge akapiga kelele niruke. Nikaruka. Na mkono wa kushika rili, Mungu anisamehe, nilikuwa nampungia nao Teodora.

Rili ikachomoka. Kamba ikajifungua yote, ikanizunguka miguu, ikamzunguka Oluoch aliyetangulia majini, ikanasa kwenye kizimba. Tumevutwa juu wote wawili kama sato.

Teodora hakugomba. Bora angegomba. Alipiga magoti akaikata kamba miguuni kwangu. Kisha, kwa sauti ndogo, akaniambia kwamba ameruhusiwa kwenda Ukerewe na mzamiaji mmoja. Jina aliloandika tangu mwezi uliopita lilikuwa langu, kwa sababu hakuna aliyejifunga vizuri kama mimi. Tangu mwezi uliopita! Wiki hii amelifuta. Anakwenda na Oluoch.

Nilitaka kumwambia ukweli wote. Nikaishia kusema, nisamehe, dada.

Jumapili, 15 Juni

Jana nilikwenda bandarini. Oluoch alikuwa amefunga begi lake na la Teodora pamoja, kwa fundo safi, shetani yule. Teodora akanipungia mkono. Meli ya Nansio, Ukerewe, ikaondoka, nikaitazama hadi haionekani, kisha nikaendelea kutazama maji. Mwuza karanga akaniuliza kama nimefiwa. Nikanunua karanga.

Leo baada ya ibada nilimwamkia Mzee Chenge shikamoo. Akaitika marahaba bila kunitazama. Amenipiga marufuku kuingia majini mpaka nifanye mtihani wa kufunga vifaa Ijumaa ijayo, akanipa na klipu ya kufanyia mazoezi. Nimeapa mbele yake kwamba nimekoma. Mtu mzima hujifunga mwenyewe! Nilikuwa na machozi ya kweli.

Mzee akalainika. Akaniambia nisiogope sana, hata nikianguka mtihani sifukuzwi. Wanaoanguka wanapelekwa mafunzo ya mwezi mzima. Ukerewe. Kwa Teodora.

Klipu iko mezani. Nimeigeuza mara kumi. Hivi hii inafungwaje? Sikumbuki kabisa.