Supa au Kawaida

Jumatatu, 7 Agosti

Siku nzito. Simu imeingia tukiwa mezani nyumbani kwa wakwe. Mdogo wake baba mkwe, yule anayekaa kule juu mlimani, hali yake mbaya. Madaktari wamemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Baba mkwe hajalitaja jina la mdogo wake tangu kabla sijaoa. Waligombana. Mke wangu anasema ilikuwa habari ya kisima, shemeji anasema ilikuwa neno moja tu lililotamkwa vibaya. Tukaacha kutafuna. Mzee akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema, "Nipelekeni."

Mimi na shemeji tukasimama kwa pamoja. Kiti changu kikaanguka. Chake hakikuanguka. Ndivyo alivyo.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, karani wa bima. Ana gari jipya linalong'aa hata likiwa na vumbi. Mimi nina studio ya picha za pasipoti, na gari ambalo binti yangu wa kwanza alilikuta duniani. Baba mkwe ameendesha malori ya kokoto maisha yake yote, na husikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Akasema barabara ya mlimani imefungwa hadi Alhamisi, wanaondoa mawe. Kwa hiyo tutaondoka Ijumaa, na yeye atapanda gari litakaloupanda mlima bila kulalamika.

Miaka yote hii kwake mimi ni "yule mpiga picha". Sijawahi kuwa "mwanangu". Ijumaa nitakuwa.

Jumanne, 8 Agosti

Nimegundua siri ya shemeji! Amepita studio kupiga picha ya kitambulisho. Alipokuwa anachana nywele kwenye kioo changu nikatoka nje, nikafungua kile kifuniko cha tangi lake. Ndani kuna kibandiko: PETROLI YA SUPA TU. Kumbe! Miaka yote namhesabia mtu huyu ujuzi wa kuendesha, kumbe ni mafuta.

Mimi hutia ya kawaida. Sikuwahi kujiuliza. Nimeishi kikawaida bila kujua.

Nikapitia gereji kwa fundi ninayemwita Daktari, maana kila mara hutikisa kichwa kwanza. Akatikisa kichwa. Akasema gari langu limeundwa kwa petroli ya kawaida. Supa haitalidhuru wala haitaliongezea kitu; hiyo ni kwa injini zinazobana mafuta kwa nguvu, kama ya shemeji. Kisha akaniomba niache habari za mafuta nimwachie rejeta, inavuja. Nikamwambia nitarudi. Sitarudi. Mtu asiye na ndoto kubwa hawezi kumshauri mwenye nazo.

Nikaenda kituo cha mafuta. Mhudumu akauliza kawaida au supa, hata hakuniangalia. Nikasema "Supa" kwa sauti kubwa hata mwenye pikipiki nyuma yangu akageuka. Jaza!

Nimerudi nyumbani taratibu. Tofauti kubwa. Hata honi imepata sauti nzito.

Jumatano, 9 Agosti

Majaribio. Nimempandisha mke wangu kile kilima cha hospitali, madirisha wazi, redio imezimwa. Nikamwomba asikilize. Akasikiliza kwa makini, nampa haki yake. Akasema anasikia kijiko. Tulipofika juu akakitoa kwenye kidroo cha mbele. Nikamuuliza na injini je? Akasema ni ileile. Hana sikio la baba yake.

Lakini nimepata wazo lililonisumbua. Mimi natia supa, shemeji anatia supa, basi tuko sawa, na kwa usawa mimi nimeshindwa, kwa sababu kiti changu cha mbele kina shimo. Lazima yeye ashuke ngazi moja.

Jioni nikamtembelea. Nikamkuta anamkata mwanawe kucha. Nikamweleza, kama ndugu, kwamba supa na kawaida ni petroli moja yenye majina mawili, watu wanalipia jina. Akauliza nimejuaje. Nikasema nina mteja anayefanya kazi kwenye mafuta. Huu si uongo. Anauza mafuta ya kupikia.

Shemeji akaniamini papo hapo. Akanishukuru. Akasema sikuzote alishangaa, kwani yote yananuka sawa. Akanifungia na maembe ya watoto. Nimekuwa na kitu kizito tumboni njia nzima. Nadhani ni maembe.

Alhamisi, 10 Agosti

Balaa!

Mzee ameamua. Atapanda gari la shemeji. Si kwa sababu ya injini hata kidogo. Ni nyonga yake. Kiti cha shemeji kinalala nyuma, changu kinalala chenyewe kikitaka. Hakuna aliyenishauri nifikirie nyonga.

Nikatambua nilichofanya. Mzee anakwenda kumwona mdogo wake mara ya mwisho, ndani ya gari ambalo mimi nimelilisha uongo. Nikavaa viatu, nikaenda kusema ukweli. Niliazimia kabisa. Njiani niliipanga hata sentensi ya kwanza.

Nilimkuta shemeji uani anaosha vioo, ameshajaza petroli ya kawaida, na baba mkwe amekaa kando kwenye stuli. Kabla sijafungua mdomo, shemeji akamwambia mzee kwamba mimi nimempa ushauri mzuri sana, kwamba mimi ni mtu wa kuwafikiria wenzangu. Mzee akanitazama. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. Akasema, "Vizuri."

Sasa ungesema nini hapo? Nikaomba kitambaa, nikasaidia kuosha vioo.

Halafu nikiwa kwenye kioo cha nyuma nikaona upande mzuri wa jambo. Gari lao likichoka njiani, nani atakuwa nyuma yao? Mimi. Na supa. Nitamchukua mzee kando ya barabara, nitamfikisha. Halikuwa kosa. Ulikuwa mpango, mimi tu sikuwa nimeufikia mwisho wake.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika kwenye benchi, kibarazani kwa baba mdogo. 

Tuliondoka kukiwa na ukungu. Wao mbele, mimi na mke wangu nyuma. Uwanda wote salama. Kwenye kona za kwanza nikaanza kulisikia gari la shemeji likigonga, kama mtu anatikisa kopo lenye kokoto. Likapunguza mwendo. Mke wangu akauliza hilo nini. Nikasema ni barabara. Likapunguza tena. Lori la mbao likalipita. Mwishowe likasimama ukingoni, shemeji akatoka akiwa ameshika kichwa. Taa ya injini imewaka, nguvu zimekwisha.

Nilifika na taa zangu zote zikimulika. Nakiri nilishuka kwa madaha. Tukamhamisha mzee taratibu, mto chini ya nyonga, mke wangu akakaa nyuma. Nikatia gia. Hiyo ndiyo dakika niliyoingoja tangu nioe.

Kona ya pili, mvuke. Ulitoka chini ya boneti kama chungu kimefunuliwa. Sindano ya joto imelala upande usiotakiwa. Tangi limejaa supa, rejeta haina maji hata ya kuoshea uso wa paka.

Tukasimama. Shemeji akaja kwa miguu kutoka chini, anahema. Wote tukafungua boneti na kuangalia ndani, kama kuna aliyekuwa anajua kitu. Nikaanza kueleza kwamba mafuta bora huwaka kwa nguvu zaidi, na kwamba huenda...

"Mdogo wangu hana haja na magari yenu," mzee alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshuka mwenyewe, amekaa juu ya jiwe, anatazama barabara inapopotelea kwenye miti. Mke wangu alimfunika mabega kwa khanga yake. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alikuwa anasikiliza tu, na kule chini kulikuwa hakuna kitu cha kusikiliza.

Kisha kikaja kigari cha mikate, kimechakaa, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mama mnene mwenye kilemba cheupe alikuwa anaendesha. Shemeji akamweleza. Hakuuliza swali, alihamisha kreti kutoka kiti cha mbele, akampokea mzee kwa mikono miwili, akamwita baba. Sijui nini kilinipata. Nikamkimbilia dirishani na kumuuliza yeye anatia petroli gani.

"Ninayoikuta," akasema, akaondoka.

Tulichota maji mtaroni kwa chupa. Magari mawili yakapanda nyuma ya konokono wote wa mlima ule. Tulifika jua likiwa limeshageuka.

Nilipochungulia chumbani nilimkuta baba mkwe ameketi kitandani, beseni la maji miguuni, wembe mkononi. Anamnyoa mdogo wake. Yule mgonjwa amekonda hata shati limebaki peke yake, povu limemjaa shavu moja. Mkewe alinieleza baadaye kwamba mzee aliingia, wakatazamana, na mgonjwa hakusema salamu wala kisima. Alisema, "Ndevu zinaniwasha, kaka, na hawa hawajui kunyoa."

"Umenikata," nikamsikia analalamika.

"Tulia basi. Hata utotoni hukutulia."

Mgonjwa akacheka. Kicheko kidogo, kilichokwaruza. Mzee akacheka naye, na wembe ukabaki hewani. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, iko shingoni sikuzote. Nikapiga. Moja tu. Hawakunigeukia.

Jumamosi, 12 Agosti

Wamekaa mlango umefungwa tangu asubuhi. Wanaongea. Saa nyingine hawaongei.

Wakati wa chai mzee alitoka. Akakoroga kikombe chake, akasema gari lilikuwa linagonga tangu kona ya kwanza, na hilo ni gari lisilogonga. Limetiwa nini?

Nikatazama ndani ya chai yangu. Nikasikia shemeji akisema ni yeye, baba, alitia ya kawaida, aliona yote ni sawa. Hakunitazama. Hata jicho. Mzee akamwambia mtu hafanyii majaribio safari ya namna hii. Shemeji akasema ndiyo, baba.

Mke wangu alinitazama mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 13 Agosti

Baba mdogo amefariki alfajiri. Baba mkwe alikuwa amemshika mkono.

Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Agosti

Tumemzika. Watu wengi, waashi wenzake wote wamekuja na makoti yao ya Jumapili. Mjane alitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Zote walizokuwa nazo ni za ujanani, kakunja uso. Nikamwonyesha ile ya Ijumaa. Nilidhani atakasirika: nusu ya uso imenyolewa, nusu ni povu, na mkono wa kaka yake umeingia pembeni na wembe. Akaishika kamera kifuani. Nikaenda kuichapisha kwa mpiga picha wa huku. Pazia lake limekunjamana na taa inamulika puani. Nimenyamaza. Siku ya msiba.

Basi mbele ya jeneza ilikaa picha ya mtu anayecheka na povu. Waashi walilia, kisha wengine wakacheka, kisha wakalia zaidi.

Baada ya maziko baba mkwe alinijia. Akaniwekea mkono begani. "Ahsante, mwanangu," akasema, akapita.

Mwanangu. Nilisimama pale mpaka makoleo yakachukuliwa.

Nikamtafuta shemeji. Nilikuwa na sentensi ileile ya Alhamisi, na sasa nilikuwa na mahali pa kuisemea. Alikuwa anapangusa udongo viatuni kwa jani. Kabla sijaanza, akaniuliza kwa upole kuhusu yule mteja wangu wa mafuta, kama anaweza kumwona, labda kuna jambo yeye mwenyewe alilolielewa vibaya. Nikasema amehama.

Jumanne, 15 Agosti

Kesho tunashuka. Mzee ameniambia asubuhi kwamba atarudi nami. Nyonga imepata nafuu, na kiti chenye shimo kinamkaa vizuri. Shemeji alimletea mto wake bila kuombwa. Ni mtu mwema. Lazima nimwangalie sana.

Nimekaa hapa kibarazani nikitafakari yote kwa unyenyekevu. Kifo hufungua akili. Nimekiri moyoni kwamba nilikosea. Nilibishana na dunia kuhusu supa na kawaida, kumbe swali lenyewe halikuwa hilo. Fundi wa huku ameziba rejeta, akataka pia aone na magurudumu. Nikamwambia sina muda.

Maana nimeiona njia. Barabara yote kutoka hapa mpaka uwandani ni mteremko! Shemeji atashuka ananguruma na supa aliyoipata hapa kwa shida. Mimi nitafika barabarani, nitazima injini, nitatoa gia. Hakuna kugonga, hakuna mvuke, hakuna kijiko. Gari litashuka kimya kama wazo, likizidi kuchanganya mwendo kona hadi kona, na mzee, ambaye maisha yake yote amesikiliza injini, safari hii hatasikia kitu.

Petroli bora kuliko zote ni ile usiyoitumia. Sijui kwa nini hakuna aliyefikiria hili kabla yangu.

Breki nitaziangalia tukifika chini.